Wanu wa Kajificheni: ‘Huku ukipita kimya ndio unaonekana’

Saa tatu na robo asubuhi, Wanu Ame amechutama nyuma ya pipa la maji, na walinzi wawili wenye mapanga wanapita hatua tatu tu kutoka alipo. Hapumui. Mmoja anageuka, analitazama pipa, kisha anaondoka. Wanu anashusha pumzi na kucheka peke yake.

Pipa, walinzi na mapanga vimo ndani ya televisheni. Wanu mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba chake cha gemu, mtaa wa Kajificheni, Mji Mkongwe. Buibui lake limetundikwa msumarini, na simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga, inamrekodi.

“Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuicheza, na sijahadithiwa na mtu,” anaiambia simu. “Nnasema ninachokiona.”

Anachokiona ni gemu mpya ya kunyata na kupigana, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Nyayo Bubu. Mchezaji ni jasusi anayepenya mji wa kisiwani, wenye nyumba za mawe, vichochoro na milango ya kuchonga, na kazi yake ni kumfikia adui bila kuonekana. Mji wenyewe haukutajwa jina, lakini mtoto yeyote wa Unguja akiutazama atasema huku ni kwetu.

Dakika ya ishirini, Wanu anaisimamisha gemu. Uso wake umebadilika.

“Hebu ngoja. Nshapita baraza ngapi hapa? Saba, na zote tupu! Ya nane ina wazee wanne wanacheza bao, nimepita nyuma ya migongo yao kimya kimya, hata mmoja hakugeuka. Mji gani huo? Huku kwetu ukipita kimya ndio unaonekana. Asiyetaka kutazamwa hutoa salamu, akaitikiwa, akenda zake. Asiyesalimu ndiye anayekodolewa macho.”

Hakuiponda gemu nzima, asisingiziwe. Aliisifu mvua inavyoteleza kwenye mabati, alizisifu sauti za nyayo, na pale jasusi alipojibanza ukutani akasema mwenyewe moyo ulimwenda mbio. “Kwa kunyata, wameweza,” alihitimisha. “Kwa kuujua mji, wametuchora bila kutuuliza.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha mashine.

Wiki moja kabla, kijana aitwaye Zakir, anayefanya kazi kwa wakala mmoja wa gemu za nje, alimletea mashine mpya kabisa ya kuchezea gemu pamoja na gemu hiyo kabla haijaingia madukani. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Wanu, ambaye video zake hutazamwa na vijana wengi wa Unguja, angetoa maoni yake ya kwanza. Mambo yakenda vizuri, mashine ingebaki kwake na angeletewa kila gemu mpya kwa mwaka mzima.

Mashine hiyo aliihitaji kama maji. Mbili alizonazo zimezeeka, gemu mpya hazizikubali, na wateja wameanza kuhamia kwengine. Hutoza kila mchezaji shilingi mia tano kwa nusu saa, na siku ikiwa njema hupata elfu thelathini, kodi na umeme vikiwa bado vinamsubiri. Kununua mashine kama ile kwa fedha yake ni ndoto ya mwaka na zaidi.

Alipomtumia Zakir video, simu ililia kabla chai haijapoa.

“Dada Wanu, pale pa baraza pakate,” Zakir alimwambia. “Sema gemu ni moto, basi, tumalizane.”

“Si uliniomba maoni ya kwanza? Ndiyo hayo. Ukitaka ya pili, subiri nicheze mara ya pili.”

“Dada, wakubwa watataka mashine yao.”

“Njoo uichukue. Mlango unaujua.”

Alasiri ile ile aliitoa video kama ilivyo, bila kukata hata kikohozi chake.

Ukimuuliza kwa nini hakulegeza kidogo, Wanu hukutazama kama uliyemtukana. “Mie binaadamu simvishi kilemba cha ukoka, sembuse gemu! Vijana wangu wananiamini. Nikiwadanganya kwa hili, kesho nitawaambia nini?”

Halafu kuna Kiwengwa. Miaka tisa Wanu alitandika vitanda katika hoteli moja ya pwani ile, na sheria ya kwanza waliyofundishwa ilikuwa kwamba mgeni asiwaone.

“Tulikuwa na njia yetu ya nyuma ya jiko,” anakumbuka. “Ukisikia mgeni anakuja, unajibanza chumba cha mashuka mpaka apite. Nlilipwa laki mbili na nusu kwa mwezi nisionekane. Leo mtu wa mbali anifundishe mie kunyata?”

Ni huko huko alikojifunza gemu, kwenye mashine kuukuu ya mpishi mmoja wa kigeni, ambaye siku ya kuondoka alimuuzia kwa bei ya kutupa. Kwao Makunduchi habari hiyo haikupokelewa kwa vigelegele. Kaka yake mkubwa mpaka leo anaona ni aibu kwa mwanamke mtu mzima kushinda na gemu. “Nnampa heshima yake,” anasema Wanu. “Nnamwambia, kaka, shikamoo, lakini duka nnafungua.”

Siku ya tatu baada ya video kutoka, Zakir alikuja. Mwandishi wa makala haya alikuwa ndani ya chumba cha gemu, na alijionea mwenyewe yaliyotokea.

Kijana wa watu alikuwa na haya, na mwenye haya hutazama chini. Aliingia kichochoroni na begi tupu mgongoni, akapita bila kumtazama mtu. Simu ya Wanu ikalia papo hapo. Alikuwa Bi Nurjehan, jirani wa ghorofa ya pili, ambaye kila asubuhi huteremsha kikapu kwa kamba kununua mkate.

“Wanu, kuna kijana kapita kama paka aliyeiba samaki! Kikapu changu karibu kimguse pua, na salamu hakunipa. Anakuja kwako huyo?”

Kabla hajajibiwa, sauti ya Mzee Wakil, fundi cherehani wa pale barazani, ikasikika mpaka ndani.

“We kijana! Mwana wa nani? Salamu imekushinda?”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kumbe unayo! Haya, wendako wapi?”

“Kwa Dada Wanu.”

“Kufanya nini?”

Ikambidi aeleze, na kwa kuwa Mzee Wakil hasikii vizuri, akaeleza mara mbili kwa sauti kubwa. Alipofika mlangoni kwa Wanu alikuwa na msafara nyuma yake, Mzee Wakil mbele na futi yake ya kitambaa shingoni.

Mashine ilikuwa tayari ndani ya boksi lake, imefungwa vizuri.

“Umenyata hatua sitini tu,” Wanu alimwambia, “na mtaa mzima ushajua ulichofuata. Sasa niambie, nilichosema juu ya gemu yenu ni kweli au uongo?”

Zakir alijaribu kununa, akashindwa, akacheka pamoja na waliomfuata. “Kweli, Dada. Lakini mie nnatumwa tu.”

“Najua. Kaa unywe chai, kisha uende na mashine yako.”

Aliinywa, akaondoka nayo. Safari hii alimsalimu kila mtu, na hakuna aliyemuuliza neno.

Wanu hakujitia ushujaa. Alipapangusa vumbi pale mashine ilipokuwa. “Imeniuma,” alisema. “Nimeipenda mashine ile. Lakini ulimi wangu nao nnaupenda, na huo hauuzwi madukani.”

Mahali pale sasa pamebandikwa karatasi kubwa yenye ramani ya vichochoro, aliyoichora kwa kalamu za rangi. Ni gemu yake mwenyewe. Mara tatu kwa wiki hufunga chumba saa nane mchana kwa saa mbili, akenda kwa Naznin, mwalimu wa kompyuta, kujifunza kuitengeneza. Mchezaji atavuka baraza saba, na silaha yake ni salamu. Lazima ajue nani wa kupewa shikamoo, nani wa kuulizwa hali ya mgonjwa wake. Akikosea, au akipita kimya, madirisha yote yanafunguka. Anataka iwe tayari kabla ya Ramadhani ijayo.

Saa nane inapofika, anavaa buibui lake na kutoka. Anasalimu kulia, anasalimu kushoto, anaitikiwa, na hakuna anayemtupia jicho la pili. Angeweza kupita hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwisho wa kichochoro anasimama na kugeuka.

“Mbona hamniulizi nnakwenda wapi?”

“Wapi?” anauliza Mzee Wakil.

“Nnakwenda kutengeneza gemu yangu! Na nyote mmo!”

Dirisha la juu linafunguka. “Na mie nimo?” anauliza Bi Nurjehan.

“Wewe ndiye mlinzi mkuu, Bi Nurjehan. Tuone atakayekupita.”