Shukrani kwa Mwili Uliorudi

Jumapili mashine ya kukamua alizeti ya mume wangu hulala. Ndiyo siku niliyokuwa nikijipima, maana nyumbani kwetu Unyambwa hatujawahi kuwa na mizani nyingine zaidi ya ile ya magunia. Ni jukwaa la chuma lililoshika kutu, linanuka mashudu, na ukisimama juu yake unajiona mzigo kweli. Miaka kumi na moja iliyopita ilinisoma kilo mia moja ishirini na sita. Baada ya operesheni ilishuka mpaka sabini na moja. Jumapili ninayoikumbuka ilisoma mia moja na tisa. Nilishuka, nikavua viatu, nikapanda tena, mjinga mimi, nikidhani mizani itanionea haya.

Operesheni nilifanyiwa India. Walinikata tumbo la chakula wakaacha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi, ili nikila kidogo nishibe. Nilikwenda kwa ajili ya yale niliyoyaona kwa baba. Sukari ilianza na kidole chake cha mguu, ikachukua mguu wote chini ya goti, kisha tukamzika. Nilipopimwa na mimi nikaambiwa ninayo, nilimwambia mume wangu kwamba sitaki kufa vipande vipande. Akauza lori lake la Fuso. Hakulalamika siku ile na hajalalamika mpaka leo, na huko kunyamaza kwake kunaniuma kuliko kama angenitukana.

Mama yangu anakaa Ulemo. Yeye hatukumwambia. Utamwambiaje mama aliyelea watoto wakati wa foleni za unga na sukari kwamba mwanawe anapanda ndege kwenda kukatwa tumbo ili asile? Enzi za ruksa zilipofika maduka yakajaa, na mimi nikajaa pamoja nayo, na mama akafurahi sana. Unene wangu kwake ulikuwa ushahidi kwamba ile shida imepita. Basi nikamdanganya. Nikamwambia nina uvimbe tumboni, nakwenda kutolewa. Akasema, "Mungu akutangulie, mwanangu." Niliona nimemaliza.

Niliporudi nilikonda haraka, na kukonda wakati ule kulikuwa na maana moja tu. Ninauza magauni ya mitumba sokoni Singida Mjini. Wateja walikuwa wanashika nguo, wananitazama shingo, wanairudisha nguo taratibu. Habari zikafika Ulemo. Mama akaja na gunia la uwele na debe la samli, akaingia jikoni kwangu bila kuomba ruhusa.

Ugali na nyama vilikuwa vimenishinda. Tonge la tatu tu kifua kinabana. Lakini uji ulipita. Daktari wa India alikuwa amenionya mapema: vya kunywa vyenye sukari na mafuta havizuiwi na tumbo dogo, vinateleza tu, jihadhari navyo. Nilimwelewa vizuri kabisa. Sasa mama anasimama mlangoni na kikombe cha uji wa uwele, maziwa, sukari na samli juu, ananiambia, "Kunywa, mwanangu. Huo uvimbe umekumaliza damu." Nitamwambia nini? Nimejitungia ugonjwa mwenyewe, ninaletewa dawa yake, niikatae? Nikanywa. Alikaa mwezi mzima. Alipoondoka, uwele ukaendelea kunifuata kwa basi kila baada ya mavuno.

Hata hivyo nilipata miaka miwili ya raha, na nisiseme uongo, ilikuwa raha kweli. Sukari ilipotea kwenye vipimo. Nilipanda bodaboda bila dereva kuinama kwanza kuangalia tairi. Siku moja nilifungua robota la mitumba nikakuta gauni la kijani, dogo, la kubana kiuno, nikalijaribu likaingia. Sikuliuza. Nililivaa sokoni mpaka wenzangu wakachoka kuliona.

Mwili haukurudi kwa kishindo, ungekuwa na kishindo ningeshtuka. Ulirudi kidogo kidogo. Zipu ilikataa, nikailaumu zipu. Mkono wa gauni ukabana, nikamlaumu aliyelifua. Na watu wote walikuwa wananipongeza! "Umenawiri dada, sasa umepona!" Neno hilo nimelichukia. Mtu anaangamia na watu wanamshangilia kwa nia njema kabisa.

Katikati ya wiki, baada ya ile Jumapili ya mizani, nilikwenda kliniki. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kitinda mimba wangu. Aliniamkia kwanza, shikamoo mama, ndipo akaniambia sukari imerudi na imepanda sana. Aliongea kwa upole. Alisema wengi waliofanyiwa operesheni hii hurudisha uzito miaka ikipita, kwamba mwili una ukaidi wake na si uvivu wangu, kwamba dawa zipo, nije kila mwezi tusaidiane. Maneno mazuri, lakini mimi nilisikia kwamba imerudi, basi. Akauliza ninakula nini. Nikasema ninakula kidogo sana. Ilikuwa kweli. Hakuniuliza ninakunywa nini na mimi sikumwambia.

Wiki hiyohiyo mama alipiga simu. Jumapili angetoa shukrani kanisani, lazima nifike, na mkwewe pia. Mume wangu aliniangalia nikikata simu, akasema, "Safari hii mwambie." Nikamjibu nitamwambia. Nilikuwa nimeamua kweli.

Tulifika Ulemo Jumamosi mchana. Mama alitoka nje kutupokea na nikashtuka jinsi alivyokwisha. Mikono imebaki mifupa, kitenge kimemzunguka mara mbili. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anaumwa. Akacheka. "Siumwi. Nilikuwa na ahadi yangu." Akanieleza tukiwa tumekaa barazani. Tangu alipotoka kwangu kuniuguza alikuwa anafunga kila Ijumaa, hali wala hanywi mpaka jua lizame. Alimwambia Mungu hataacha mpaka mwili wa mwanawe urudi kama zamani. Sasa umerudi, na yeye anaifungua ahadi yake.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Singida. Niliyaacha hapohapo. Nilijaribu kukumbuka Ijumaa za miaka yote hiyo: mimi sokoni ninakunywa chai ya maziwa, yeye shambani na midomo mikavu, akiniombea jambo lilelile nililokwenda kukatwa tumbo ili nilikimbie. Ningemwambia nini? Kwamba amejitesa ili niumwe?

Kesho yake aliniita mbele ya kanisa. Alikuwa ameleta mbuzi, kuku wawili na ungo wa uwele. Akanishika mkono, akanigeuza taratibu ili watu wanione mbele na nyuma. "Mnamkumbuka alivyokuwa," aliwaambia. "Haya, mtazameni." Vigelegele vikapigwa. Nilikuwa nimevaa gauni ambalo fundi alilitanua kwa kuunga vipande vya lile la kijani ubavuni. Magoti yalikuwa yanawaka moto, na vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa na ganzi, hivyohivyo baba alivyokuwa akituambia mwanzoni. Nikalia. Watu wakaona furaha imenizidi, wakaongeza wimbo. Sijawahi kujisikia mpweke kama siku ile katikati ya watu wote wale.

Tuliporudi nyumbani mama alikataa kusaidiwa. Aliukoroga uji mwenyewe, akaweka samli mpaka juu ikawa na rangi ya dhahabu. Akanimiminia mimi kwanza, kisha mume wangu, halafu akajimiminia yeye. "Leo tunakunywa wote," alisema.

Mume wangu hakugusa kikombe chake. Alikuwa ananitazama, anangoja. Nami niliona kwamba nikifungua mdomo wakati ule ningeweza bado kusema, mama yuko pale, hana haraka, amenigeuzia uso wake wote. Nikaunyanyua uji nikanywa mpaka chini. Mume wangu akainamisha kichwa, akaanza kuchezea kamba ya kiatu chake.

Miaka yote nimesema ni mama. Nimemsema kwa mume wangu, nimemsema moyoni kliniki nilipokuwa ninaulizwa ninakula nini. Lakini siku ile mama alikuwa ameshageuka kufunika chungu, hakuwa ananiangalia wala hakunikaribisha tena. Ni mimi niliyenyoosha mkono na kumwomba kikombe cha pili.