Mapumziko ya Wachukuzi

Mimi nyapara ndiye niliyembembeleza bwana wetu Mtaliano awapumzishe wachukuzi wa ghalani baada ya adhuhuri. Alikubali, ila akaonya, "Fujo moja tu, basi tena."

Siku ya kwanza nilirudi ghalani kutoka msikitini nikawakuta wamelala safu moja, wamejifunika shuka nyeupe gubigubi. Sikujua kwamba bwana amewagawia za kuzuia nzi. Nikaamini joto limewaua wote. Bila kumgusa hata mmoja, nikakimbia kuita watu. Wakaja na jeneza, tukasimama kuwasalia.

Takbira ya pili, mchukuzi mmoja wa kisiwa cha Chovae akaketi, akauliza kwa lahaja ya kwao:

"Nyapara, kafa mchu gani?"

Waombolezaji walitimka, wakamwangusha bwana aliyekuwa amesimama mlangoni, kofia kifuani, akiwalilia wafanyakazi wake.

"Fujo hii ya nani?" akauliza kutoka chini.

Shuka zote zikaninyoshea kidole.