Stefano na Msiba wa Jua

Habari za kifo cha jua Stefano alizipata Msamvu, mgahawani, chapati ikiwa mdomoni. Alikuwa ameteremsha ndizi zake kutoka Matombo, zimekwisha, anangoja gari la kurudi. Televisheni ya ukutani ikawa inaeleza kwa Kiswahili safi kwamba jua nalo lina siku zake. Litavimba, litaimeza dunia, kisha litazimika. Nyota nyingine nazo zitazimika moja moja, mpaka ulimwengu wote ubaki giza na baridi, asiwepo hata mtu wa kumwambia mwenzake pole.

Stefano aliacha kutafuna. Alitazama meza za jirani. Mtu mmoja alikuwa anaomba aongezewe maharage. Akamwuliza mhudumu kama amesikia.

"Supu imeisha, baba," mhudumu akajibu.

Ni kweli televisheni ilisema kwamba mambo hayo ni baada ya mabilioni ya miaka. Lakini Stefano hakuwa mtu wa kutulizwa na tarehe. Kwake msiba ni msiba. Alifika nyumbani akaning'iniza jembe ukutani, akavuta kigoda uani, akashika tama.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, na mashimo ya migomba yalikuwa hayajachimbwa hata moja.

"Baba Jane, wenzako wanapanda," mkewe Eufrazia alimwambia.

"Mama Jane, nipande ili iweje? Jua lenyewe linakufa."

"Linakufa leo?"

"Si leo."

"Basi leo panda."

Neno hilo lilikuwa na akili, na ndiyo maana lilimwudhi. Akaenda misheni kwa padre, akamwuliza: ikiwa ulimwengu wote utazimika, binadamu aliwekwa humu kwa kazi gani? Padre akamjibu kwamba ameumbwa amjue Mungu, ampende na amtumikie. Stefano akasema hilo analijua tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, yeye anaulizia jua. Padre akafikiri sana, kisha akasema kwamba wakati wakiendelea kulitafakari hilo, ukuta wa kanisa unahitaji chokaa. Stefano akakumbuka kwamba ana haraka.

Sasa, kuwaza si dhambi, ila Stefano aliwazia mahali pabaya. Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama, na shamba lile lilikuwa la akina Eufrazia. Yeye alikuwa mwoaji tu. Mwoaji anayelima huheshimiwa na kuchinjiwa. Mwoaji anayekaa kigodani kuhesabu nyota mchana ni mgeni asiyejua kuaga. Innocent, kaka yake Eufrazia na mkubwa wa ukoo, alivumilia wee, mwisho akatangaza kikao cha Jumamosi. Kama jembe litakuwa bado liko ukutani, Stefano arudishwe kwa ukoo wa mama yake.

"Shemeji, na kule jua ni hilihili," Innocent alimwambia kwa upole. "Utaliwazia vizuri tu."

Stefano aliogopa, tusimfiche. Kilichomwuma zaidi ni kwamba Eufrazia hakusema neno. Walikuwa wamezeeka pamoja, na neno moja la mama yule lingekivunja kikao. Lakini kiburi ni mzigo, na Stefano alikuwa ameshajitwika.

Ijumaa, katika hali hiyo, akafanya kosa kubwa. Bi Mwanahawa alikuwa anapita na kikapu chake, akamwuliza mbona amenuna kama kuku wa mvua.

"Niache," Stefano akasema. "Mimi nimeshakufa, bado kuzikwa tu."

Angemwambia mwingine, angeambiwa pole. Lakini Bi Mwanahawa alikuwa mtani wa ukoo wake. Na mtani ndiye anayekuchimbia kaburi siku ukifa, akavaa nguo zako, akaiga mwendo wako, akakutukana mbele ya wafiwa, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Umesema mwenyewe?" Bi Mwanahawa akauliza, macho yakimng'aa.

"Nimesema."

"Haya."

Jumamosi asubuhi, ukoo ukiwa umeanza kukusanyika, kilio kikapanda kutoka bondeni. Bi Mwanahawa aliingia uani na kundi la watani, amejifunga kanga kiunoni, analia machozi makavu. Alipitiliza ndani, akatoka amevaa koti na kofia ya Stefano, akamsukuma mwenyewe kutoka kigodani, akakaa, akashika tama, akainua macho juu.

"Jua, jua wee! Ukizimika nitaanika wapi soksi zangu?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Innocent akakohoa, akataka kufungua kikao.

"Kikao gani penye msiba?" Bi Mwanahawa akamfokea. "Kaa chini, mfiwa!"

Innocent alijua mila. Akakaa chini.

"Jamani, mimi mzima," Stefano akalalamika.

"Marehemu anyamaze. Mjane, hebu tuambie, huyu unamlilia kwa lipi?"

Eufrazia alikuwa anacheka na wengine. "Kwa kukoroma," akasema. "Nani tena atanifukuzia panya?" Wakacheka. "Na ndizi ya kwanza kuiva shambani, alikuwa haionji. Ananiletea mimi, ameificha kwenye koti hilohilo." Akalitazama koti. "Na mwaka kesho sitaletewa." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na yale hayakuwa machozi ya utani.

Stefano alitazama miguu yake. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Watani hawakungoja. Bi Mwanahawa alilichukua jembe ukutani, wakashuka shambani kuchimba kaburi. Stefano akafuata, afanyeje. Bi Mwanahawa akapiga jembe, na udongo akautupa bondeni! Kwenye mteremko wa namna ile, na mvua inakuja!

"Wewe!" Stefano alipiga kelele. "Udongo unatupwa juu! Unataka shamba lote lihamie mtoni?" Akampokonya jembe, akaanza kuchimba mwenyewe, kwa hasira, kisha kwa mazoea, na shimo likawa la duara, la kufika magotini. Akapumua.

"Mtani," akauliza kwa sauti ya chini, "mimi mtanizika. Huo ulimwengu ukifa, atauzika nani?"

"Sisi, nani mwingine?" Bi Mwanahawa akajibu bila kufikiri. "Tunakula vyake, tunauchimba, tunausema mvua ikizidi na jua likizidi, na haujatufukuza. Anayevumiliwa hivyo ni mtani tu, na kuzika ni kazi ya mtani."

Stefano akabaki ameegemea jembe. Aliponyanyua uso, Eufrazia alikuwa amesimama juu ya shimo, ameshika chipukizi la mgomba. Akalitumbukiza bila kumwangalia. Stefano akafukia.

"Sasa kikao chetu?" Innocent akauliza.

"Kikao cha nani?" Eufrazia akasema. "Mume wangu amezikwa. Huyu ni mposaji mpya, bado namchunguza."

Innocent alijitahidi asicheke, akashindwa. "Basi mposaji alime ukweni kama desturi. Aanzie hapa mpaka kule kijitoni."

Stefano alivua shati. Jua lilikuwa limechomoza juu ya kilima, kali, halina dalili ya ugonjwa. Akalitazama kwa jicho moja.

"Usinikodolee macho, mtani," akaliambia. "Siku yako ikifika, tutakuja kuvaa koti lako."

Kisha akamwomba Eufrazia maji, akanywa, akaenda kuchimba shimo la pili.