Mama Alivyojifunza Kulenga

Harufu ya mafuta ya bunduki niliijua kabla sijamaliza darasa la nne. Ilikuwa nzito, kali kidogo, na asubuhi za baridi ya Juni ilitanda uwanja wa shule yetu ya Mbozi, mahali pa mafunzo ya mgambo. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na vijana wengi walikuwa wamehamia Tunduma kubeba mizigo mpakani na kuuza nguo. Bunduki ya kijiji ilibaki imefungiwa ofisini, kwa sababu waliofuzu kuitumia walikuwa wameondoka. Nguruwe pori walilijua hilo kabla yetu. Msimu ule walivamia mahindi yetu ya bondeni, wakatuachia mabua. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama akajiandikisha mgambo, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na wanane, kwa nia moja: afuzu shabaha, akabidhiwe bunduki, alinde mahindi ya msimu ujao.

Kila mmoja alipewa risasi tatu, na aliyepiga ubao mara mbili ndiye aliyefuzu. Mama alikosa zote. Alirudi nyumbani bega limevilia damu, nikamkanda kwa maji ya moto. Kosa halikuwa la macho, bali la mikono iliyokulia kwenye jembe. Aliikamata bunduki kama mpini, kwa nguvu zote, mpaka mtutu ukatetemeka. Kisha akakivuta kifyatulio kwa ghafla, kama anayeng'oa kisiki.

"Mama Neema, hapo hulimi!" alipiga kelele jirani yetu, Baba Daudi, na uwanja mzima ukacheka.

Afande Maganga, mkufunzi wao, hakucheka. "Mama, nakupa wiki mbili. Ukikosa tena, rudi jikoni."

"Jikoni nitarudi tu, afande," mama akajibu, "lakini nikiwa na mahindi ya kupika."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama alichonga bunduki ya mti, na kila jioni alisimama nyuma ya nyumba: mguu wa kushoto mbele, magoti yamelegea kidogo, kitako cha bunduki kimekaa ndani ya kishimo cha bega bila kuacha nafasi, shavu juu ya mti. Mkono wa kushoto ulibeba tu, haukukaba. Mimi niliweka kizibo cha soda juu ya mtutu. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, akatulia. Kizibo kilikaa. Lakini kila alipokunja kidole, kilianguka. Siku ya tano kilianguka. Siku ya sita kilianguka.

Siku ya saba tulikuwa tukichuma kahawa. Nikaminya tunda bivu kati ya vidole ili ninyonye utamu wake. Punje ikaruka, ikampiga mama shavuni. Nikangoja kofi.

"Rudia," alisema.

Nikaminya lingine.

"Ulijua itatoka saa ngapi?"

"Hapana, mama. Naminya tu, inatoka yenyewe."

Akachukua tunda, akaliminya taratibu kwa kidole cha shahada na gumba, macho ameyakaza kwenye mti wa mbali. Tangu hapo aliminya matunda mpaka ncha ya kidole ikavimba. Jioni ya siku ya kumi na mbili, kizibo hakikuanguka.

Siku ya jaribio risasi ya kwanza ilipita juu, Baba Daudi akaguna. Mama hakumtazama. Alisogeza mguu, akakikalisha kitako upya, akatulia muda mrefu hata nikadhani amesahau. Mlio wa pili ulimshtua hata yeye, ubao ukatikisika. Wa tatu vilevile.

"Nani kakufundisha?" Afande Maganga akauliza.

"Kahawa, afande."

Msimu uliofuata tulivuna bonde lote. Miaka mingi baadaye nilimuuliza alipiga nguruwe wangapi. "Mmoja," alisema. "Wengine walisikia."

Leo bonde lile lina nyumba za bati, na mahindi tunanunua. Mimi nimejifundisha mengi bila mwalimu, kwa vitabu na kwa kukosea, na naona siku hizi watu huulizia kipaji kabla ya kuulizia kazi. Baba Daudi, sasa mzee, huwaapia wanangu kwamba bibi yao alizaliwa na shabaha. Ananena kwa heshima, najua. Hata hivyo mimi humsahihisha kila mara, kwa sababu sifa hiyo inamnyang'anya mama jasho lake.