Kuzungumza na Aliye Kisimani

Harufu ya mchanga mbichi hunishtua hadi leo. Mwaka ule wa ukame, tulipokuwa tukila mahindi ya njano ya msaada, mto wetu upande wa Ikutha ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja, na maji yalikuwa chini kabisa. Wanawake walichimba visima humo humo mtoni, vikawa virefu kupita mtu mzima. Mmoja alishuka akateka kwa kata ya kibuyu, mwingine akabaki juu kuvuta ndoo kwa kamba na kufukuza mifugo isikaribie ukingo. Aliyebaki juu hakuruhusiwa kunyamaza. Aliongea lolote lililomjia, na aliye chini akajibu, ili kukitokea kimya ijulikane mara moja. Kazi hiyo ya juu ilikuwa yangu, nami nilikuwa mtoto wa aibu. Mwalimu akiniuliza jina, niliiambia miguu yangu. Mama mdogo Ndinda, mdogo wake mama, alikuwa akiishi kwetu, na alipenda kunitania kutoka shimoni.

"Mueni, uko huko au umeshaolewa?"

"Niko."

"Hiyo ni sauti au ni kuku mwenye homa? Ongeza."

Mama alicheka, nami nikaongeza kidogo tu.

Asubuhi moja Ndinda alitangulia peke yake ili akwepe foleni. Mimi na mama tulimfuata jua lilipochomoza. Tulikuta viatu vyake vya tairi vimewekwa pamoja vizuri, punda wetu amesimama, na mtungi mmoja umejaa. Kisima hakikuwepo. Palikuwa na mchanga tu, umelala sawa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchimba pale, na juu yake nyayo za ng'ombe. Nilimwambia mama, "Si hapa. Tumepotea." Alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono, akimwita mdogo wake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitwa aje kula. Wanaume walikuja na majembe. Walipomtoa, bado alikuwa ameshika kata. Sikulia. Nilitazama vile viatu, nikawaza ni nani atavivaa sasa. Siku hiyo wageni walipikiwa chai kwa maji ya ule mtungi. Nilikunywa kikombe changu chote, ndipo nikaelewa nimekunywa nini.

Baada ya mazishi mchungaji alisema Ndinda amepumzika. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na niliona aibu kuliuliza: sasa atashuka nani? Mitungi ilipokauka nilipata jibu. Mama alichukua kamba na ndoo, tukaenda mtoni, na jirani zetu wakachimba kisima kipya mbali kidogo na kile. Zamu yetu ilipofika, mama alivua viatu vyake. Nilivificha nyuma ya punda nisivione. Aliposhuka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikapotea, nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Punje chache za mchanga ziliteleza ukingoni zikaanguka ndani. Nilizisikia zikigonga maji.

"Mueni," mama aliita.

Niliishika kamba kwa mikono miwili.

"Mueni, ongea. Ninaogopa huku."

Sikuwa nimewahi kusikia mama akisema anaogopa. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya viatu. Nilidhani hofu ni yangu peke yangu. Nikaanza kumtajia mbuzi wetu, kwa kuwa sikuwa na jambo lingine: Karani, aliyekula karatasi za shule. Kipara. Bibi Harusi. Mwizi. Nilivyozidi kutaja ndivyo sauti ilivyopanda, hadi wanawake wa foleni wakageuka. Baada ya kila jina mama alijibu, "Nasikia." Nilipomaliza nilianza upya. Tulifanya hivyo mpaka mvua iliponyesha, na kila mara alitoka, magoti yake yakiwa na mchanga, akaniuliza viatu vyake nimeviweka wapi.

Siku hizi kuna bomba sokoni. Binti zangu hufungua, maji yanatoka, na wao wanatazama simu zao bila kusema neno. Nafurahi kwamba hawajui. Mama alifariki mwaka jana kitandani mwake, mzee, amefunikwa blanketi. Wanaume walipoanza kurudisha udongo kaburini, nilisikia mtu akitaja mbuzi waliokufa zamani, Karani, Kipara, na watu wote wakanigeukia; sauti ilikuwa yangu. Wakasimamisha majembe, wakidhani nina la kusema. Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kusimama mbele ya watu. Niliwataja wote mpaka Mwizi, kisha nikasubiri kidogo anijibu, kama tulivyozoea. Halafu nikawaambia waendelee.