Modemu ya Mfukoni mwa Kaka

Kaka yangu mkubwa alikuwa akitembea na mtandao wa nyumba nzima mfukoni mwa shati. Sisemi hivyo kwa mafumbo. Modemu yetu ilikuwa kijiti cheupe cha kuchomeka kwenye kompyuta, nacho kila asubuhi kilitoka naye kama kalamu yake. Tulichanga kukinunua: mimi kwa mshahara wangu wa uuguzi, yeye kwa kazi yake ya uwakala wa forodha, na mama kwa kahawa ya shamba lililobaki kijijini Isansa baada ya baba kufariki. Lakini siku kilipoingia ndani, kaka alikipokea kwa mkono wa kulia, akakitia mfukoni, na hapo kikawa chake.

Tuliishi wote katika nyumba ya baba pale Tunduma: mama, kaka na mkewe, watoto wao, na mimi. Mtu akitaka mtandao, anamsubiri kaka arudi. Akirudi, ale kwanza. Akishakula, aangalie mambo yake. Kijiti chenyewe kilihudumia kompyuta moja tu, kwa hiyo mmoja akikaa, wengine wanamtazama mgongo. Umeme ukikatika na kompyuta ikiisha chaji, basi, tumefunga duka. Watoto wakipewa kazi ya shule ya kutafuta mtandaoni, walikuwa wanamwomba baba yao kwa sauti ya watu wanaoomba msamaha. Sauti ile iliniudhi kuliko kitu chochote.

Nilikuwa nasoma shahada ya uuguzi kwa njia ya elimu masafa, huku nafanya zamu kituo cha afya. Mtihani wa mwisho wa somo gumu kuliko yote ulipangwa kufanyika mtandaoni, asubuhi, kila mtu mahali alipo. Nilibadilishana zamu na mwenzangu. Jioni ya kuamkia siku hiyo nikamwendea kaka akiwa anavua viatu.

"Kaka, kesho naomba modemu. Nina mtihani."

"Nitaiacha mezani, mdogo wangu. Usiwe na wasiwasi."

Asubuhi mezani palikuwa na chupa ya chai na kitambaa cha kufunikia mkate. Nikainua kitambaa. Nikatazama hata chini ya meza, kana kwamba modemu ina miguu. Wifi yangu alikuwa akifagia uani. Alinitazama, kisha akainamia ufagio wake.

Nikampigia kaka.

"Niko kwenye foleni ya malori," akasema. "Mteja anataka kujua mzigo wake umefikia wapi. Tumia simu."

Tumia simu! Mtu anayekaa Tunduma anajua maana ya neno hilo. Nyumba yetu iko karibu na mpaka kiasi kwamba simu ikiachwa yenyewe inahamia Zambia bila pasipoti. Kijiti kile fundi alikuwa amekifunga kisishike mtandao wa upande wa pili, na kilikuwa na waya mrefu wa kupachika dirishani. Simu yangu haikuwa na hayo. Niliunganisha kompyuta na simu, nikaingia kwenye mtihani, nikajibu swali la kwanza, nikaanza la pili. Ukurasa ukaganda. Kwenye simu ukaja ujumbe wa kunikaribisha Zambia.

Nilitoka na kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nikasimama uani, nikapanda kwenye tofali karibu na ukuta, nikarudi chumbani. Kila nilipofanikiwa kurudi kwenye ukurasa, muda ulikuwa umekwenda. Mwishowe maandishi yakatokea kwamba mtihani umefungwa. Mama alinikuta nimekaa sakafuni. Alinishika bega, akakaa nami pale chini na magoti yake yanayouma.

Wifi ndiye aliyeniambia ukweli, siku chache baadaye, tukiwa tunachambua maharage. Kaka hakuwa kwenye foleni yoyote. Modemu alikuwa amemwazima rafiki yake, mfanyabiashara, ili aangalie magari ya mtumba ya Japani. Alitaka bwana huyo amwone ni mtu wa maana.

Nilimsubiri sebuleni. Alipoingia sikumwamkia.

"Magari yalikuwa mazuri?"

Alielewa mara moja. Nilimwona anatafuta uso wa kuvaa, akauchagua wa ukali.

"Wewe una ajira tayari. Shahada ya kukusaidia nini? Kazi yangu ndiyo inayolisha nyumba hii."

"Na mimi nalisha nini, kuku?"

Akanyanyua mkono. Hakunipiga, mama alikuwa ameshasimama mlangoni. "Kitu cha nyumba kinakaa nyumbani," mama alisema. Kaka akajibu kwamba kijiti hicho atakaa nacho yeye.

Nikamwachia. Mshahara ulipoingia nilikwenda mjini, nikanunua rauta: kisanduku kidogo cheusi chenye betri yake, kinachotiwa laini ya simu na kumwaga waifai nyumba nzima. Fundi akakifunga kisihamie Zambia, tukakiweka kwenye dirisha la chumba cha mama. Jioni ile watoto wa kaka walifanya kazi zao za shule bila kumbembeleza mtu, wifi akiangalia mapishi jikoni, mimi nikisoma chumbani, wote kwa wakati mmoja. Mama alizungumza na mdogo wake aliyeolewa Kitwe, huko Zambia, ambaye hakuwa amemwona uso kwa miaka. Walilia, kisha wakaanza kutaniana kuhusu mvi.

Kaka alirudi akakuta nyumba imechangamka bila ruhusa yake.

"Neno la siri ni lipi?" akaniuliza.

"Analo mama."

Mama hakugeuza hata shingo. "Nitakupa ukimwambia mdogo wako ulikoipeleka ile modemu siku ya mtihani."

Alitoka, akaubamiza mlango. Alikaa siku kadhaa akichomeka kijiti chake peke yake pembeni ya sebule, mtu mzima na kijiti chake, huku watoto wake wakicheka mbele ya simu ya mama yao. Jumapili moja, tumetoka kanisani, akasema akiwa anatazama sahani: "Nilimwazima yule bwana. Nilidhani mtihani unaweza kufanywa siku nyingine."

Hakuomba radhi. Mama akampa neno la siri, kwa sababu mama ni mama. Mimi nisingempa.

Mtihani niliurudia mwaka uliofuata, dawati langu likiwa kando ya dirisha la mama. Katikati umeme ulikatika mtaa mzima. Nikasikia mashine za kusaga zinanyamaza moja baada ya nyingine. Taa za kile kisanduku hazikupepesa. Niliandika mpaka mwisho, nikafaulu.

Watu husema yaliyopita si ndwele. Huwa nawajibu kwamba wao hawakukaa sakafuni siku ile. Mwenzangu aliyekubali kubadilishana zamu nami, tuliyeanza naye masomo pamoja lakini yeye somo lile alikuwa amelifaulu mapema, alihitimu kwa wakati wake. Leo yeye ndiye kiongozi wa wodi, na mimi bado napangiwa naye zamu.