Nimeimba mlio wa ekseli

Leo nimeimba gerejini. Msinicheke.

Pikapu ya shangazi ilianza kuunguruma upande wa nyuma tulipotoka Ilula na nyanya za kuuza sokoni Mwanjelwa. Tulipofika Uyole, gari likagoma mbele ya gereji. Nyanya zimeiva, zikilala zinaharibika.

"Ilikuwa inaliaje?" fundi akauliza.

"Inalia tu, baba," shangazi akajibu.

Wakanigeukia mimi. Mimi, ambaye kwenye kwaya ya shule nilikuwa nafungua mdomo tu!

Nikafumba macho. Nikaiona milima ikipita tena.

Mmmmmmm... Kona ya kushoto, kimya. Mmmmmmm...

"Beringi ya kushoto hiyo," fundi akasema. "Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, ndiyo maana inanyamaza." Akachomoa ekseli. Kweli, beringi imesagika.

Akaweka mpya, tukaondoka. Gari kimya kabisa, ukungu dirishani, mawazo yangu mbali.

Shangazi akashtuka. "Mungu wangu, imeanza tena!"

Ni mimi, shangazi.